Hesabu Seli Kabla ya Kuhesabu Fedha: Historia ya Sola za Mtumba na Paa la Banda Lako



Sola zilizotumika sasa zinauzwa huku kwetu kama baiskeli za mtumba. Nyingine ni za majirani waliokwisha kuvuta umeme wa TANESCO. Nyingine zimekuja kwa meli kutoka Ulaya. Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: nikiinunua na kuifunga juu ya banda langu la mbao, itafaa? Leo nalijibu kwa historia, kwa sababu paneli mbili zenye ukubwa unaofanana zinaweza kuwa zimetengenezwa kwa kazi mbili tofauti kabisa, na anayelipia tofauti hiyo ni mnunuzi.

Zilizotengenezwa kwa ajili ya betri

Aprili 1954, maabara ya Bell huko Marekani ilionyesha seli ya kwanza ya silikoni yenye manufaa. Iligeuza asilimia 6 tu ya mwanga wa jua kuwa umeme. Mwaka 1958 seli za aina hiyo zilirushwa angani katika satelaiti ya Vanguard 1. Bei yake ilikuwa kubwa mno kwa mkulima. Hata katikati ya miaka ya 1970, wati moja ilikuwa bado inauzwa kwa makumi ya dola.

Afrika Mashariki, habari inayojulikana zaidi inaanzia Meru, Kenya, mwaka 1984. Shule ya sekondari ya Harambee ya Karamugi haikuwa na umeme, na jenereta ya dizeli ndiyo iliyokuwa ikifikiriwa. Wamarekani wawili, mhandisi Harold Burris na mwalimu Mark Hankins, waliishawishi shule ijaribu jua. Mafundi wa hapo hapo walifundishwa kazi, na waliotoka kusoma wakaenda kufunga majumbani. Wateja wa mwanzo walikuwa watu kama wewe: wakulima wa kahawa na chai, walimu, wenye maduka. Wengi walikuwa na televisheni ndogo iliyotumia betri ya gari, na kila betri ilipokwisha waliibeba hadi mjini kuchajiwa. Paneli iliwaondolea safari hiyo. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, zaidi ya nyumba 20,000 nchini Kenya zilikuwa na sola, nyingi zikiwa zimenunuliwa kwa fedha za wenyewe. Kwetu Tanzania, kituo cha mafunzo ya sola cha KARADEA kilianza Karagwe mwaka 1993, na mafundi wengi walipita pale.

Paneli nyingi za silikoni za wakati ule zilikuwa na seli 36. Kila seli hutoa karibu nusu volti inapofanya kazi. Seli 36 zikiunganishwa kwa mstari hutoa volti 17 au 18, na hicho ndicho kiasi kinachotosha kuisukuma betri ya volti 12 mpaka ijae. Idadi hiyo ilichaguliwa kwa ajili ya betri.

Zilizotengenezwa kwa ajili ya gridi

Mwaka 2000 Ujerumani ilipitisha sheria ya kumlipa mwenye nyumba kwa kila yuniti ya umeme wa jua aliyoiingiza kwenye gridi, kwa miaka 20. Mapaa yakajaa paneli, viwanda vya China vikapanuka, bei ikaporomoka. Paneli hizi hazikukusudiwa kugusa betri. Ziliunganishwa nyingi kwa mstari mmoja na kupelekwa kwenye inveta kubwa. Kwa hiyo nyingi zina seli 60, nyingine 72.

Kuanzia mwaka 2021 malipo ya wale wa kwanza yalianza kufikia mwisho. Wengine walikuwa wameng'oa za zamani mapema ili kuweka kubwa zaidi. Hapo ndipo mtumba mwingi unapopatikana, na kuwa mtumba hakumaanishi kuwa mbovu. Kule Lugano, Uswisi, paneli zilizofungwa juu ya paa mwaka 1982 zilipimwa baada ya miaka 35, na nyingi bado zilitoa zaidi ya asilimia 80 ya nguvu zake za mwanzo. Paneli nzuri hupoteza wastani wa nusu asilimia hadi asilimia moja kwa mwaka. Betri na kontrola hufa zamani kabla yake.

Na sisi huku?

Mbinga na Songea zilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi. Njia kuu ya umeme wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika mwaka 2018, ndipo mkoa wetu ukaungana na gridi ya taifa. Hapa kata ya Ruanda makaa ya mawe yanachimbwa tangu mwaka 2011, na malori huyapeleka kwenye viwanda vya saruji. Lakini banda la kuku lililo ng'ambo ya bonde, ghala la kahawa, au kibanda cha mwalo ambako dagaa wanapokelewa usiku, nguzo haijafika wala haitafika kesho. Hapo ndipo sola ya mtumba inapokuwa na maana.

Hesabu inayowaumiza watu

Chukua paneli ya Ulaya ya wati 250, seli 60. Kwenye jua kali inatoa volti kama 30 na ampea kama 8.3. Ukiifunga kwa kontrola ya kawaida, ile ya PWM, kwenye betri moja ya volti 12, kontrola inaishusha paneli mpaka volti ya betri, tuseme 13. Zidisha 13 kwa 8.3: unapata wati 108 hivi. Umelipia 250, zaidi ya nusu imepotea, na paneli haina kosa lolote.

Kwa hiyo hesabu seli kwa kidole kabla ya kutoa fedha:

- Seli 36: inafaa betri ya volti 12 na kontrola ya kawaida.
- Seli 72: inafaa betri mbili zilizoungwa kupata volti 24.
- Seli 60 (au vipande 120 vya nusu seli): inataka kontrola ya MPPT. Weka bei yake kwenye hesabu. Jihadhari, kontrola nyingi za bei ya chini zimeandikwa MPPT nje tu.

Kisha pima. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walipima paneli ndogo za bei nafuu zilizokuwa zikiuzwa Kenya. Baadhi ya chapa zilitoa karibu na kilichoandikwa, nyingine zilipungua sana, na mnunuzi asingeweza kuzitofautisha kwa macho. Muuzaji akikuonyesha volti peke yake, usiridhike. Paneli iliyochoka huweza kuonyesha volti nzuri huku ampea zikiwa chache. Mwombe fundi wako apime vyote viwili saa sita mchana na alinganishe na lebo ya mgongoni. Paneli ya seli 60 isiyounganishwa na kitu huonyesha volti 33 hadi 37. Ikisoma 24 hivi, theluthi moja yake huenda imekufa. Paneli iliyopasuka kioo, yenye alama za kuungua, au isiyo na lebo, iache.

Paa la banda la mbao

Paneli ya seli 60 ina uzito wa kilo 18 hadi 20, urefu wa zaidi ya mita moja na nusu na upana wa mita moja. Uzito si tatizo kubwa kama upepo. Kwa ninyi wa ziwani, mwera ukivuma huingia chini ya paneli na kuinyanyua pamoja na bati.

Kwanza choma kenchi na papi kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, mchwa wamekutangulia. Badilisha mbao hizo kabla ya kazi nyingine. Funga reli kwa bolti au skrubu ndefu zinazoingia kwenye kenchi, usitegemee bati wala misumari ya bati. Acha nafasi ya sentimita 10 kati ya paneli na bati ili hewa ipite, kwa kuwa paneli ikipata joto hupunguza umeme.

Meru iko karibu na ikweta, sisi tuko karibu nyuzi 11 kusini. Sehemu kubwa ya mwaka jua letu hupita upande wa kaskazini. Elekeza paneli kaskazini, kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, mvua iioshe. Banda likiwa jiko, kaa mbali na moshi, masizi hufunika kioo.

Mbao huungua, kwa hiyo hapa usibane matumizi. Weka fyuzi karibu kabisa na ncha chanya ya betri, pitisha waya ndani ya bomba, kaza viungo vyote, na betri ikae penye hewa mbali na nyasi kavu. Paa la nyasi usilifunge paneli kabisa, simika nguzo pembeni. Wakati wa kufunga, funika paneli kwa blanketi, maana ikiona jua tayari ina umeme. Kazi ya nyaya mpe fundi mwenye leseni ya EWURA.

Fedha ya kahawa huja mara moja kwa mwaka. Ukienda sokoni, mchukue fundi na mita yake, geuza paneli, soma mgongo, hesabu seli. Muuzaji mkweli atakusubiri umalize.

Kazi njema.