Jinsi Wayunani wa Kale Walivyompanda Farasi Mkali bila Tandiko

Katika nchi zetu farasi ni wachache, kwa kuwa ugonjwa uletwao na mbung'o huwaua upesi. Wengi wetu twamjua punda kuliko farasi. Lakini katika habari za mataifa ya kale farasi ana mahali pakubwa, na katika habari hizo liko jambo limfaalo kila mtu aliye na mnyama wa kufundisha. Jambo lenyewe ni hili: mtu alipataje moyo thabiti juu ya farasi mkali, naye hana tandiko la kukalia wala vikuku vya kutilia miguu?

Wayunani wa kale hawakuvijua vikuku kabisa. Vitu hivyo vilitoka Asia, vikafika Ulaya yapata miaka elfu moja baada ya siku zao. Tandiko la mti pia hawakuwa nalo; aliyetaka alitandika nguo tu, na wengine walikaa juu ya mgongo mtupu. Katika hekalu kubwa la Athene liitwalo Parthenon, zilichongwa karibu mwaka 440 kabla ya Kristo sanamu za vijana wapanda farasi. Nyingi katika hizo zimewekwa London hata leo. Ukizitazama utaona farasi wameinua vichwa na miguu, nao vijana wametulia juu yao, miguu yao ikining'inia.

Je, watu hao walikuwa hawana hofu? La, walikuwa nayo. Mwaka 401 kabla ya Kristo jeshi la Wayunani kama elfu kumi lilikuwa mbali sana na kwao, katikati ya nchi za mfalme wa Uajemi. Wakuu wao walikuwa wamekamatwa kwa hila, na askari walikata tamaa, kwa maana adui walikuwa na farasi wengi nao hawakuwa na kikosi cha farasi. Ndipo Mwathene mmoja, jina lake Xenophon, akasimama kuwatia moyo. Aliwaambia ya kuwa askari elfu kumi wa farasi ni watu elfu kumi tu. Hakuna aliyepata kufa vitani kwa kuumwa na farasi wala kwa teke lake. Tena aliyepanda farasi ana hofu mbili, huogopa adui na huogopa kuanguka. Bali asimamaye juu ya nchi hupiga kwa nguvu zaidi. Baada ya siku chache, walipoona jinsi adui walivyowasumbua, wakakusanya farasi waliokuwa wakichukua mizigo, wakafanya kikosi cha wapanda farasi hamsini.

Xenophon aliijua hofu ya kuanguka kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mpanda farasi. Katika uzee wake aliandika kitabu cha kufundisha kazi hiyo, nacho kipo hata sasa. Humo asema ya kwamba mpandaji asikae kama mtu aliyeketi kitini, bali awe kama mtu aliyesimama wima na kutanua miguu, amshike farasi kwa mapaja yake. Lakini toka goti kwenda chini mguu ulegee. Mguu uliokazwa ukigonga kitu waweza kuvunjika. Mguu uliolegea husogea tu, na paja halitoki mahali pake. Basi jambo la kwanza ni kujua mahali pa kukaza na mahali pa kulegeza. Mwenye hofu hukaza mwili wote, na kwa hiyo huanguka upesi.

Habari ya farasi mkali aliieleza mbali. Ukali wa farasi, asema, ni kama hasira ya mwanadamu. Na kama vile mtu asiyeudhiwa kwa neno wala kwa tendo hakasiriki, ndivyo alivyo na farasi. Kwa hiyo mtu ampande polepole pasipo kumwudhi. Akiisha kumpanda amwache asimame kitambo kuliko desturi, kisha amwondoe kwa ishara ndogo sana. Aanze na mwendo wa taratibu, na kuuongeza kidogo kidogo hata farasi asitambue. Wahenga wetu nao walinena, Mwenda pole hajikwai.

Tena Xenophon alikataza mtu asimwendee farasi akiwa na hasira. Farasi akishtushwa na kitu, mpandaji akigusie kitu kile mwenyewe, kisha amwongoze farasi kwa upole akikaribie. Ampigaye humzidishia hofu. Maana farasi hudhani ya kuwa maumivu yale yametoka katika kitu kile anachokiogopa.

Muda si mrefu baada ya Xenophon jambo hili lilionekana katika Makedonia. Plutarch asimulia ya kuwa mfalme Philip aliletewa farasi aitwaye Bucephalus, wa bei ya talanta kumi na tatu, naye hakukubali kupandwa na mtu ye yote. Mfalme akaamuru aondolewe. Lakini mwanawe Alexander, aliyekuwa kijana bado, alitambua ya kuwa farasi anakiogopa kivuli chake mwenyewe. Akamgeuza alielekee jua, akampapasa, akaenda naye hatua chache, kisha akaliacha joho lake lianguke na kumrukia mgongoni. Hakumpiga. Alipoona ya kuwa hofu imemtoka, akamwacha akimbie. Farasi yule alimchukua vitani miaka mingi, akafa huko Bara Hindi mwaka 326 kabla ya Kristo, na Alexander akajenga mji na kuuita kwa jina lake.

Wala hekima hii haikuwa ya Wayunani peke yao. Katika Afrika ya kaskazini Wanumidia walipanda farasi pasipo tandiko wala hatamu, wakiwaongoza kwa kifimbo. Na baadhi ya farasi zao walimfuata bwana wao kama mbwa. Hawa ndio waliomsaidia Hannibal kuwashinda Warumi pale Cannae mwaka 216 kabla ya Kristo.

Basi, ndugu msomaji, watu hawa hawakupata ujasiri kwa nguvu za mkono. Farasi ana nguvu kuliko mtu, na kwa nguvu atamshinda siku zote. Walimchunguza kwanza mnyama, wakajua aogopacho, wakamwondolea hofu yake. Na hofu ya farasi ilipokwisha, ya mpandaji nayo ilipungua. Nawe uliye na ndama wa kufundisha kukokota plau, au punda akataaye kuvuka mto, kabla hujainua fimbo, tazama kwanza anaogopa nini.