Nyuzi za kuachiana zamu

Nyuzi za kuachiana zamu ni mbinu ya kuendesha kazi kadhaa kwenye kompyuta ambapo kila kazi hushika kichakataji mpaka yenyewe ikiachie. Mfumo endeshi hauinyang'anyi. Apple iliitumia katika MultiFinder ya mwaka 1987 hadi Mac OS 9, na Microsoft katika Windows 3.1. Kwenye Macintosh, programu ilipaswa kuita amri ya mfumo iitwayo WaitNextEvent mara kwa mara ili nyingine zipate nafasi. Iliyozama kwenye hesabu ndefu bila kuita iliweza kugandisha mashine nzima, na udhaifu huo ndio ulioiponza mbinu yenyewe. Windows 95, kwa programu za biti 32, na Mac OS X ya 2001 ziliupa mfumo endeshi mamlaka ya kukatiza.

Hata hivyo mbinu hiyo haijafa. Katika kivinjari, JavaScript ya ukurasa kwa kawaida hutumia uzi uleule unaopokea mibofyo, na kila kazi huendelea hadi iishe. Skrini ikichorwa mara 60 kwa sekunde, kila mchoro una milisekunde 16 hivi, kwa hiyo kazi ndefu hukatwa vipande vifupi au huhamishiwa kwenye Web Worker, yaani uzi wa kando. Sifa moja ya mbinu hii husahaulika mno: zamu hubadilika mahali panapojulikana tu, hivyo mahitaji ya kufuli za kulinda data hupungua sana.