Takwimu za mizigo katika Nyeri na miji ya Mlima Kenya

Takwimu za mizigo ni kumbukumbu za bidhaa zinazosafirishwa: ni nini, uzito wake, zinatoka wapi, zinakwenda wapi na kwa chombo gani. Wapangaji wa uchukuzi huzitumia kukadiria unene wa lami, uwezo wa madaraja na mahali panapofaa soko au ghala. Nchini Kenya, shehena inayopitia bandari ya Mombasa hufuatiliwa kwa karibu kuliko mazao yanayotoka Nyeri, Karatina, Embu, Meru na Nanyuki.

Ukanda wa Kaskazini

Mamlaka ya Uratibu wa Uchukuzi ya Ukanda wa Kaskazini, yenye makao yake Mombasa, ilianzisha mwaka 2012 kituo cha kufuatilia muda na gharama za kusafirisha shehena kutoka bandari hiyo hadi nchi jirani kupitia ukanda huo. Tangu 2017, mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda hufuatilia makontena yanayokwenda nchi jirani kwa lakiri za kielektroniki. Mizani za Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye huongeza kumbukumbu za uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2013 inaweka kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake, na inahusu magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5.

Mizigo ya mlimani

Sehemu kubwa ya mazao ya mlimani haivuki mpaka wala haifungwi lakiri. Viazi na kabichi za Kieni, kaunti ya Nyeri, hupakiwa kwenye malori madogo yaitwayo kanta, miraa ya Meru hukimbizwa kwa pikapu, na vifurushi vidogo husafiri kwa matatu na bodaboda. Karani anayehesabu magari katika eneo kama Skuta, pembezoni mwa mji wa Nyeri, ataandika kwamba kanta moja imepita. Turubai likiwa limefungwa, hesabu hiyo haisemi kama ndani mna viazi vya Wakulima Market jijini Nairobi, mbolea ya kupeleka shambani au kreti tupu zinazorudi.

Kipimo nacho kina utata. Gunia la lumbesi, lililorefushwa kwa kushonewa kipande juu, huvuka kilo 100, ilhali kanuni za viazi za 2019 zinaruhusu kilo 50 tu. Stakabadhi ya ushuru wa mazao ikihesabu magunia bila kuyapima, magari mawili yenye idadi sawa ya magunia yanaweza kutofautiana kwa tani kadhaa.

Chai na kahawa zina nyayo zilizo wazi zaidi. Viwanda vya chai vya Nyeri kama Chinga, Gathuthi na Iriaini hupima majani yanapopokelewa, na chai iliyosindikwa huenda kwenye mnada wa Mombasa. Kahawa hupimwa kiwandani na husafirishwa kwa kibali.

Mbinu za kuboresha

Njia ya kawaida ni kuhesabu magari kwa aina zake, kupima uzito wa ekseli, na kuwahoji madereva kando ya barabara kuhusu walikotoka na waendako. Kazi hiyo hufanywa katika misimu tofauti, kwa kuwa wiki moja ya mavuno ya kahawa haiwakilishi mwaka mzima. Marekani, kuanzia 1993, imekuwa ikiwauliza wenye bidhaa wenyewe kupitia utafiti maalumu ambao sasa hufanywa kila baada ya miaka mitano.

Kwa miji ya Mlima Kenya, njia nafuu ni kuunganisha karatasi zilizopo: ushuru wa kaunti, vibali vya kahawa, vipimo vya viwanda na rekodi za reli ya Nanyuki, iliyofufuliwa 2020. Hilo linahitaji orodha moja ya majina ya bidhaa na uzito kwa kilo. Bila hivyo, upanuzi wa barabara ya Kenol–Sagana–Marua, yenye kilomita 84, utaonyesha ongezeko la magari bila kubainisha ongezeko la mazao.

Usiri

Namba ya gari na jina la mfanyabiashara vinaweza kufichua soko lake na wateja wake. Sheria ya Takwimu ya 2006 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 zinalinda taarifa za mtu binafsi. Kwa sababu hiyo matokeo huchapishwa kwa jumla, kwa mfano kwa kaunti au kwa aina ya bidhaa.