Uzi wa Dürer na Nukta za Kompyuta

Mwaka 1525 Albrecht Dürer, mchoraji wa Nuremberg huko Ujerumani, alichapisha kitabu cha upimaji. Picha mojawapo humo inaonyesha watu wawili wakichora ala ya nyuzi, jamaa ya udi wa taarabu zetu. Msumari wa ukutani umesimama mahali pa jicho. Uzi unatoka msumarini, unapita katika fremu ya mbao na kufika kwenye ala. Mmoja anashika ncha ya uzi, mwenzake anapima uzi unapokatiza fremu, kisha nukta inatiwa kwenye karatasi. Nukta kwa nukta picha hutokea. Kwangu mimi, hiyo ni kompyuta ya michoro, ingawa ya polepole mno.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu niliwataka wanachuo wafundishe pembetatu zinazofanana kwa uzi na msumari kwanza, kanuni baadaye. Mkaguzi mmoja aliandika kwamba tunapoteza vipindi. Tuliendelea, maana niliwajua watoto wengi walioikariri kanuni hiyo bila kuiona hata siku moja.

Hebu msomaji achukue kamera inayoona pembe mraba, yaani nyuzi 90, na picha yenye upana wa pikseli 1,000. Kwenye umbali wa mita 10 inaona upana wa mita 20, kwa hiyo kila pikseli hubeba sentimita 2. Kwenye mita 100 hubeba sentimita 20. Mtu wa mita 1.6 aliyechukua pikseli 80 sasa anachukua 8. Nani atahesabu vifungo vya shati lake?

Mwaka 1963 Lawrence Roberts, akiwa MIT huko Marekani, aliingiza hesabu ya mtazamo katika kompyuta. Mwaka 1976 James Clark alieleza kwamba kitu kinachochukua nukta chache hakistahili kuchorwa kwa vipande vingi. Naye Lance Williams, mwaka 1983, alihifadhi kila picha pamoja na nakala zake, kila nakala nusu ya upana na kimo cha iliyotangulia, ili kompyuta ichague inayolingana na ukubwa wa pikseli. Nakala zote hizo huongeza nafasi kwa theluthi moja tu: robo, na robo ya robo, kuendelea. Mwanafunzi wa sekondari aweza kuthibitisha kwa chaki.