Ruiru hadi Thika: umbali uleule, muda mwingine

Ukipima kwenye ramani kwa mstari ulionyooka, Ruiru na Thika, miji miwili ya Kaunti ya Kiambu, iko umbali wa kilomita 18 hivi. Ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa ingeumaliza umbali huo kwa sekunde 72. Hakuna ndege ya abiria inayofanya safari hiyo, wala haihitajiki. Muda ulioijenga miji hii ulipiganiwa ardhini.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mizigo ilipanda kutoka Nairobi kwa mikokoteni ya maksai. Elspeth Huxley, aliyefika Thika akiwa mtoto, aliisimulia safari ya namna hiyo katika kitabu chake The Flame Trees of Thika cha mwaka 1959. Kwa maksai wanaokwenda kilomita tatu au nne kwa saa, Ruiru hadi Thika pekee ilikuwa kazi ya nusu ya mchana, tena kama mvua haijageuza njia kuwa tope.

Mwaka 1913 reli ikafika Thika. Kwa jina rasmi iliitwa Thika Tramway, na ilifuata mashamba ya walowezi wa kahawa na mkonge. Ilipofika Nanyuki mwaka 1930, Thika haikuwa tena mwisho wa njia. Hata hivyo, reli hiyo ilijali zaidi gunia kuliko abiria.

Abiria walikuja kubebwa na matatu: 145 ya Ruiru, 237 ya Thika. Kufikia miaka ya 2000 barabara ya Thika hadi Nairobi ilikuwa imezidiwa. Foleni kwenye mizunguko ya Pangani na Muthaiga zingeweza kumkalisha mtu wa Thika saa mbili kabla ya kuingia mjini, ilhali ndege ya Nairobi kwenda Mombasa huchukua kama saa moja. Wafanyakazi waliondoka nyumbani kabla ya mapambazuko.

Ujenzi wa barabara kuu mpya ulianza mwaka 2009, kwa fedha za serikali pamoja na mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na China. Kampuni za Kichina ziliijenga, na Rais Mwai Kibaki akaizindua Novemba 2012: kilomita 50 hivi, zilizogharimu zaidi ya shilingi bilioni 30, zenye hadi njia nane katika baadhi ya sehemu. Njia ikiwa wazi, Thika hadi Nairobi sasa ni chini ya saa moja.

Ruiru ndiyo iliyobadilika zaidi. Sensa ya 2009 iliwahesabu watu karibu 240,000 mjini humo. Ya 2019 ikapata zaidi ya 490,000, karibu mara mbili ya wakazi wa Thika. Mji uliolipatia jina zao la Ruiru 11, mbuni unaostahimili magonjwa uliotolewa mwaka 1985, umeona mashamba ya kahawa yakigeuka kuwa mitaa ya ghorofa.

Bei ya kasi hiyo wameilipa pia wanaotembea kwa miguu. Barabara ilikata mitaa katikati, na wengi wamegongwa wakivuka mahali ambapo daraja la juu liko mbali. Wanastahili kuhesabiwa kila dakika zilizookolewa zinaposifiwa.

Siku hizi msafiri wa Thika anayewahi ndege hukata kona Ruiru, akashika Eastern Bypass hadi Uwanja wa Jomo Kenyatta bila kupita katikati ya jiji. Reli ya kale nayo haijafa: Desemba 2020 treni ya abiria ya Nairobi hadi Nanyuki ilirejeshwa, ikipita Thika juu ya njia iliyofunguliwa mwaka 1913.