Dawa za kukojoza: kwa nini zimekatazwa katika michezo

Kijana wa Rumangabo anayecheza boxe au judo anajua jambo moja: mbele ya kupigana, anapanda kwanza kwenye mizani. Kilo zikizidi, anaweza kukataliwa. Hapo ndipo rafiki anamnong'oneza: "Kamata hii kidonge, utakojoa, kilo zitashuka." Mara nyingi kidonge hicho ni furosemidi, inayojulikana zaidi kwa jina la Lasix. Ni dawa ile ile wanayopewa wagonjwa wa moyo na watu waliovimba miguu. Haimwongezei mchezaji nguvu wala mbio. Lakini imekatazwa na WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa haramu michezoni, siku zote, ndani na nje ya mashindano.

Inafanya kazi namna gani?

Figo huchuja damu, kisha hurudisha mwilini chumvi na maji yanayohitajika. Furosemidi inazuia chumvi kurudi, na maji yanaifuata chumvi kwenye mkojo. Ukimeza kidonge, kazi inaanza ndani ya saa moja na inaendelea kwa saa sita hivi. Kinachopungua ni maji, mafuta ya mwili yanabaki palepale.

Kwa nini imekatazwa?

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni ile ya mizani: mtu anashusha kilo kwa dawa ili apigane na wadogo kuliko yeye. Ya pili ni kuficha. Mkojo ukiwa mwingi, alama za dawa nyingine, kama zile za kujenga misuli, zinapungua na ni vigumu kuziona. Ndiyo maana wapimaji wanaangalia kwanza kama mkojo umekuwa maji matupu. Ukiwa hivyo, mchezaji anaombwa mwingine. Tena maabara inaitafuta furosemidi yenyewe.

Waliokamatwa

Kwenye michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Wabulgaria wawili wa kunyanyua vyuma, Mitko Grablev na Angel Guenchev, walinyang'anywa medali za dhahabu juu ya furosemidi. Timu yao yote ilirudi nyumbani.

Karibu zaidi ni Kenya. Agosti 2015, kwenye mashindano ya dunia ya riadha mjini Beijing, Joyce Zakary alikimbia mita 400 kwa sekunde 50.71, rekodi ya taifa lake. Hakukimbia nusu fainali. Yeye na Koki Manunga, wa mita 400 kuruka viunzi, walikuwa wamepimwa hotelini mbele ya mashindano kuanza, na furosemidi ikaonekana. Kenya iliongoza dunia kwa medali mwaka ule, lakini habari hiyo ilitia doa furaha. Novemba 2015 wote wawili walifungiwa miaka 4. Emily Chebet, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2010 na 2013, alipata adhabu kama hiyo kwa dawa hiyo hiyo.

Hatari kwa mwili

Pamoja na maji, mwili unapoteza potasiamu, madini yanayosaidia moyo kupiga sawasawa. Mchezaji anakazwa na misuli, anasikia kizunguzungu, presha inashuka. Akiongeza jasho la mazoezi na njaa ya kukimbia mizani, figo zinaweza kuumia na moyo unaweza kusimama. Watoto walio kwenye vilabu ndio wa kulindwa kwanza, maana wanamwamini kocha.

Mchezaji afanye nini?

Kanuni ni kali: kinachokutwa mwilini ni juu ya mchezaji mwenyewe. Kusema "nilipewa kwenye farmasi" hakumwondolei kosa. Kwa hiyo amwambie daktari mapema kwamba yeye ni mchezaji, asome jina la dawa kwenye karatasi yake, na aepuke vidonge visivyo na jina, hata vile vinavyoitwa vya kupunguza unene. Mwenye ugonjwa wa kweli anaweza kuomba ruhusa ya matibabu kupitia shirikisho lake mbele ya kushindana.

Mgonjwa wa presha au moyo asiye mchezaji asiache dawa yake juu ya habari hii: kwake ni tiba. Na kijana ambaye kilo zinamshinda, apande daraja la juu. Huko hakuna anayefungiwa miaka 4.