Popo wa Kitum Huenda Wapi Usiku?

Kwetu Bungoma kulikuwa na mpera nyuma ya jikoni, na sheria moja tu: pera lililoumwa usiku haliliwi. Kukhu hakueleza kwa nini. Ukiokota lenye alama ya meno anakunyang'anya, analitupa shimoni, basi. Nimekuja kujua ukubwani kwamba swali la pera lile, yaani aliyeliuma ametoka wapi na amerudi wapi, limewaumiza vichwa wanasayansi kwa miongo mingi. Na kisa chenyewe kinaanzia hapo hapo kwetu, kiwanda cha sukari cha Nzoia.

Januari 1980, Mfaransa mmoja aliyefanya kazi Nzoia aliugua ghafla. Siku chache kabla alikuwa amepanda Mlima Elgon na kuingia pango la Kitum. Alikimbizwa hadi Nairobi Hospital akiwa anavuja damu, akafariki. Daktari aliyemhudumia, Shem Musoke, akaambukizwa naye, akaponea chupuchupu. Ugonjwa ulikuwa Marburg. Virusi vyake vilitambuliwa mara ya kwanza 1967, wafanyakazi wa maabara huko Ujerumani na Yugoslavia walipougua baada ya kushika tumbili waliotoka Uganda. Aina iliyopatikana kwa daktari wetu inaitwa Musoke hadi leo, na imo kwenye friza za maabara duniani. Heshima ya ajabu hiyo, kusema kweli.

Mwaka 1987 ikatokea tena. Safari hii ni kijana wa miaka 15 kutoka Denmark, naye alikuwa ameingia Kitum. Hakupona.

Kufika Kitum unatoka Kitale, unapita Endebess hadi lango la Chorlim, kisha unaingia Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon. Pango limeingia mlimani kama mita 200. Ndovu huliingia usiku, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mkonga, ili wavunje mwamba kwa pembe na kula chumvi yake. Darini wananing'inia popo wala matunda.

Mwaka 1988 kikosi cha Wakenya na Wamarekani, kikiongozwa na Eugene Johnson wa jeshi la Marekani, kiliingia pale na mavazi ya kujikinga. Waliweka nguruwe-guinea na nyani kwenye vizimba ndani ya pango ili waone kama wataugua. Wakakamata wadudu, panya, ndege na popo, wakapima damu. Hawakupata kirusi hata kimoja. Miaka sita baadaye Richard Preston akaandika kitabu, The Hot Zone, na Kitum ikawa jina la kutisha hadi kwa watu wasioijua Kitale iko wapi. Mimi kilinitisha pia. Lakini kilinifundisha pango, hakikunifundisha shamba. Popo pangoni analala tu. Shughuli zake ziko nje, usiku, kwenye miti ya watu.

Kumfuata huko ndiko kulikohitaji redio. Ufundi wenyewe haukuwa mgeni. Tangu 1961 ndugu wawili, Frank na John Craighead, waliwafunga dubu wa Yellowstone kola zenye kisambazaji, na kabla muongo huo haujaisha Iain Douglas-Hamilton alikuwa akifuata ndovu wa Ziwa Manyara, Tanzania, kwa njia hiyo. Kola inatoa mlio kwa masafa yake. Wewe unatembea na antena mkononi, unaizungusha, na mlio ukizidi nguvu unajua mnyama yuko upande ule. Ukipima kutoka sehemu mbili, mistari inapokutana ndipo alipo.

Sasa jaribu hiyo Elgon usiku. Popo anaruka juu ya korongo, wewe uko chini na tochi, mlima unakata mawimbi. Ukivuka kijito, yeye keshashiba na kuondoka. Halafu kuna uzito. Ndovu hajali kilo kadhaa shingoni, ila popo huyu mwenyewe ana kama gramu 150, na desturi ya watafiti ni kwamba kifaa kisizidi takriban asilimia 5 ya uzito wa mnyama. Hizo ni gramu saba unusu, betri ikiwemo. GPS ya kuingia humo haikuwepo 1988. Mfumo wenyewe wa GPS ulikamilika 1995.

Ilibidi kungoja. Mwaka 2007 popo waliokamatwa Kitum walipimwa upya kwa mbinu mpya, na mmoja akakutwa na chembe za Marburg. Wakati huo huo Uganda, wachimba migodi wa Kitaka waliugua, na kirusi hai kikapatikana kwa popo wa aina hiyo hiyo. Mwaka 2008 watalii wawili waliugua baada ya kuingia pango la chatu, msitu wa Maramagambo. Mwanamke wa Uholanzi akafa. Basi mwaka 2018 Brian Amman na Jonathan Towner wa CDC ya Marekani wakarudi pango lile na vifaa vidogo vya GPS, wakavigandisha kwa gundi mgongoni mwa popo na kuwaachia, ili wajue wanakula kwa nani.

Kwamba kifaa kinaweza kusema mengi, Waisraeli walishaonyesha. Utafiti wao wa 2011 kwa popo wa jamii hii ulikuta wakitoka pangoni na kuruka moja kwa moja, juu sana, kilomita 12 hadi 25, hadi kwenye mti uleule wa matunda usiku baada ya usiku, wakipita njiani miti mingine ya aina ileile. Si wazururaji. Wana anwani.

Mimi nikachukua ramani na rula. Kutoka Kitum, kilomita 12 zinakufikisha Endebess, kwenye mahindi na maparachichi ya watu. Ishirini upande wa kusini, uko Kapsokwony, tayari ni Bungoma. Kwetu ni mbele kidogo ya hapo, na mapango ya Elgon ni mengi.

Nilimpigia Kukhu kumsimulia haya yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama huyo popo mwenye redio mgongoni naye anakula mapera.